Mtaa wetu uko fungu la 7

Kisanduku cha mwisho kwenye fomu kiliomba postikodi.

Ilikuwa Jumamosi ukumbini, watoto wakiwa upande wa pili wakihangaika na hesabu za sehemu pamoja na mwalimu wao wa kujitolea. Tulikuwa tunaomba ruzuku ndogo ya kulipia ukumbi huo huo, vitabu, na chai ya maziwa na mkate, maana mtoto mwenye njaa hafundishiki. Maswali mengine yote tulishayajibu. Nikachapa postikodi, nikabonyeza, na maandishi mekundu yakatokea: mtaa wetu uko fungu la 7 kati ya 10, na ruzuku ile ni ya mitaa ya fungu la 1 hadi la 3.

Dada niliyekuwa nikijaza naye fomu ni mlezi wa wazee. Hufanya zamu za usiku. Anaishi na mumewe na watoto watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili, na ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu mweusi mpaka darini. Aliyasoma yale maandishi hadi mwisho, akayarudia, kisha akanigeukia.

"Dadangu, kwa hivyo sisi ni matajiri?"

Swali hilo limenikaa kooni tangu Septemba.

## Mtaa hupataje namba

Kipimo chenyewe kinaitwa Index of Multiple Deprivation. Watu wa halmashauri hukiita IMD tu. Ni cha England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina vyao. Mimi nitakiita fahirisi ya uhitaji.

England yote imekatwa vitalu vidogo vya takwimu, kila kimoja kikiwa na wakazi wapatao 1,500. Katika toleo la 2019, ambalo ndilo fomu yetu ilikuwa ikilitumia, vitalu vilikuwa 32,844. Kila kitalu hupimwa katika nyanja saba: kipato, ajira, elimu, afya, uhalifu, ugumu wa kupata makazi na huduma, na mazingira ya kuishi. Kipato na ajira hubeba asilimia 22.5 kila moja, elimu na afya asilimia 13.5 kila moja, na tatu zilizobaki asilimia 9.3 kila moja. Zikishachanganywa, vitalu hupangwa foleni, chenye uhitaji mkubwa kuliko vyote kikiwa wa kwanza. Foleni hiyo hukatwa vipande kumi vilivyo sawa, na hivyo vipande ndiyo mafungu.

Kwenye hiyo foleni nilikaa sana.

Foleni hukuonyesha nani yuko mbele ya nani. Haikuonyeshi wameachana kwa hatua ngapi. Kitalu cha 9,800 na kitalu cha 9,900 vinaweza kuwa vinakaribiana kwa kila kitu, shule zao, mishahara yao, maradhi yao. Lakini cha kwanza kimeangukia fungu la 3, na cha pili kimeangukia la 4. Mfadhili akiamua kwamba mlango wake unafungwa baada ya fungu la 3, watoto wa kitalu kimoja wanapata vitabu na wenzao hawapati. Kikomo hicho hakikuwekwa na waliotengeneza fahirisi. Kimewekwa na mfadhili, kwa sababu namba nzima ni rahisi kuandika kwenye tangazo.

Wazo la kupima mahali si geni. Mwaka 1889 Charles Booth alianza kuchapisha ramani za London ambamo kila barabara ilipakwa rangi kulingana na hali ya wakazi wake, nyeusi kwa waliodhaniwa wa chini kabisa na njano kwa matajiri. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1988, Peter Townsend na wenzake walitumia mambo manne kutoka kwenye sensa: ukosefu wa kazi, kutokuwa na gari, kutomiliki nyumba, na msongamano ndani ya nyumba. Kwenye gari nina neno. Mlezi anayehudumia wazee vijijini Lincolnshire, ambako basi hupita mara chache, hawezi kufanya kazi hiyo bila gari. Atapunguza chakula chake mwenyewe ili atie petroli. Kwa kipimo cha Townsend gari hilo hupunguza uhitaji unaohesabiwa, ingawa ndilo linalommaliza.

## Mstari wa kitalu chetu

Takwimu zote ziko wazi, hakuna wa kumwomba ruhusa. Usiku mmoja nilipakua jedwali zima, nikatafuta msimbo wa kitalu chetu, nikausoma mstari wake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jumla, fungu la 7. Kipato, 6. Ajira, 7. Afya, 7.

Mazingira ya kuishi, fungu la 1.

Nilisogeza uso karibu na skrini. Nyanja hiyo huangalia nyumba zilizo katika hali mbovu na zisizo na mfumo wa kupasha joto, kisha hewa chafu na ajali za barabarani. Kwa hiyo ilikwishajulikana, tena katika takwimu za serikali yenyewe, kwamba kwa nyumba na hewa tumo ndani ya asilimia kumi mbaya kuliko zote England. Ila habari hiyo ilipotiwa kwenye chungu kimoja na zile nyingine sita, ikamezwa.

Kusema kweli, waliotunga hesabu hii waliiona hatari hiyo. Kabla ya kuchanganya, wanazipanga upya alama za kila nyanja kwenye kipimo cha 0 hadi 100, kwa namna ambayo asilimia kumi ya vitalu vilivyo hoi zaidi huchukua nafasi yote kuanzia 50 hadi 100, na wengine wote hubanwa kwenye nusu ya chini. Shabaha ni kwamba kitalu kilichozama katika jambo moja kisisafishwe na uzuri wake katika mambo mengine. Nilipolielewa hilo niliwaheshimu. Kuna mtu alikaa akawaza kuhusu mitaa kama wetu. Lakini asilimia 9.3 inabaki 9.3. Mbele ya kipato na ajira, ambazo kwa pamoja ni 45, ukungu wa ukutani hauna sauti kubwa.

Halafu nikafungua ramani.

Kitalu chetu kinaanzia kwenye safu yetu ya nyumba zilizoshikana, kinavuka barabara kuu, kinapanda mteremko mpaka kwenye nyumba zenye bustani mbele na nyuma na magari mawili kila moja. Upande wetu utaona mapipa sita ya taka mbele ya mlango mmoja, kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa familia moja sasa inapangishwa chumba kwa chumba. Upande wa pili kuna ua uliokatwa vizuri na kengele yenye kamera. Sina ugomvi na majirani wa kule. Mmoja wao ndiye huyo mwalimu wa hesabu. Lakini tumewekwa kapu moja, na wastani wetu ndio fungu la 7. Mpaka ungepindishwa mita mia mbili kabla ya barabara kuu, tungekuwa na namba nyingine kabisa, watu wale wale, nyumba zile zile. Wanajiografia wanalijua tatizo hili siku nyingi. Stan Openshaw alionyesha miaka ya 1980 kwamba ukibadilisha mipaka ya maeneo unaweza kubadilisha majibu ya utafiti bila kugusa hata mtu mmoja aliyemo ndani.

Na kuna umri wa takwimu. Toleo la 2019 lilitegemea kwa sehemu kubwa takwimu za mwaka wa fedha 2015/16. Hizo nyumba za chumba kwa chumba zilikuwa bado hazijafika mtaani kwetu.

Mwisho wa Oktoba 2025 toleo jipya likatoka, vitalu sasa ni 33,755. Nililifungua siku ile ile. Tumesogea kutoka fungu la 7 hadi la 6.

Bado tuko nje.

## Asiyekuwa kwenye rekodi

Mipaka naielewa. Mizani ya nyanja naielewa. Kilichoninyima raha ni ile namba ya kipato. Nazijua familia za safu yetu. Najua nani huchelewesha kodi na nani hununua nyama mwisho wa mwezi tu. Kipato kinawezaje kuonekana cha kati?

Jibu nililikuta kwenye maelezo ya kiufundi, yale ambayo hakuna anayeyasoma. Sensa ya Uingereza haiulizi mtu anapata pesa ngapi. Kwa hiyo nyanja ya kipato hujengwa hasa kwa rekodi za misaada ya serikali: wanaopokea Universal Credit kwa masharti fulani, wazee wanaopokea Pension Credit, na kadhalika, pamoja na waomba hifadhi wanaopewa posho au makazi. Ni njia ya busara. Rekodi hizo zina postikodi, hukusanywa kila mwezi, na hazimsumbui mtu kwa dodoso. Serikali huhesabu wanaopokea, ikawagawa kwa wakazi wote wa kitalu.

Sasa mfikirie yule dada. Amekuja kwa visa ya kazi. Kadi yake ya ukaazi iliandikwa wazi kwamba hana haki ya fedha za umma. Haruhusiwi kuomba Universal Credit hata mshahara ukipungua kiasi gani. Kwa kuwa haruhusiwi, haombi. Kwa kuwa haombi, hayumo kwenye rekodi. Na kwa kuwa hayumo kwenye rekodi, fahirisi inamsoma sawa na jirani wa upande wa pili mwenye magari mawili.

Ila kwenye idadi ya wakazi yumo.

Hapo ndipo niliposhika kalamu. Chukua mfano wa kitalu chenye watu 1,500, ambao 300 kati yao wamo kwenye rekodi za misaada. Hiyo ni asilimia 20. Wakahamia watu 100 wa visa za kazi, wote wenye mishahara midogo, wote wasioruhusiwa kuomba chochote. Walio kwenye rekodi ni wale wale 300, wakazi sasa ni 1,600, na asilimia imeshuka hadi 18.75. Mtaa umepokea familia za watu wenye shida, na kwenye karatasi umekuwa na nafuu zaidi.

Nyanja ya ajira nayo iko hivyo hivyo. Huhesabu watu wa umri wa kufanya kazi waliozuiwa kufanya kazi, na huwajua kupitia misaada wanayopokea. Mtu wa zamu za usiku tano kwa wiki, anayelala saa nne mchana halafu akafuate watoto shule, kwa nyanja hiyo hana upungufu wowote.

Nilimweleza dada haya yote jikoni kwake, nikimchorea nyuma ya bahasha. Alisikiliza kwa makini, kwa sababu ni mtu wa kutaka kujua. Nilipomaliza akasema, "Basi hata umaskini wetu hauna karatasi."

## Je, itupwe?

Kwa siku kadhaa jibu langu lilikuwa ndiyo.

Kilichonirudisha ni kijiji cha pwani kinachoitwa Jaywick, karibu na Clacton-on-Sea, Essex. Kilijengwa miaka ya 1930 kwa nyumba nyepesi za likizo za watu wa London, baadaye watu wakahamia moja kwa moja. Katika matoleo ya 2010, 2015, 2019 na 2025, kitalu kilichoshika namba 1 England nzima kilikuwa cha huko. Mara nne mfululizo. Mwaka 2018 Philip Alston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alipoizuru Uingereza alifika Jaywick. Ungechukua wastani wa Essex nzima, pamoja na wafanyakazi wake wanaopanda treni kwenda kazini London, Jaywick isingeonekana kamwe. Ni vitalu vidogo vilivyoitoa hadharani, na kila serikali inayoingia inakuta jina lake pale pale juu.

Basi sitaki itupwe. Nataka itumike kwa kazi iliyotengenezewa. Serikali yenyewe, kwenye mwongozo wa fahirisi hii, inasema kwamba si kila aliye katika kitalu chenye uhitaji ni mhitaji, na kwamba wapo wahitaji wanaoishi nje ya vitalu hivyo. Ukitaka kuamua zahanati mpya iwekwe wapi, fahirisi ni msaada mkubwa. Ukitaka kujua kama watoto wa mama huyu wana kitabu nyumbani, itakubidi umuulize mama.

Somo hilo nalo ni la kale. Mwaka 1950 mtakwimu W. S. Robinson alichukua takwimu za sensa ya Marekani ya 1930 na kuonyesha jambo la kushangaza. Ukilinganisha majimbo, yaliyokuwa na wahamiaji wengi ndiyo yaliyokuwa na watu wengi wanaojua kusoma na kuandika. Ungeweza kudhani wahamiaji ndio wasomi. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, ilikuwa kinyume chake: mhamiaji alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua. Walikuwa tu wamekwenda kuishi kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walisoma. Wastani wa majirani ukawafunika. Nilipoisoma habari hiyo niliiona safu yetu ya nyumba.

Tumeomba ruzuku kwa mfadhili mwingine. Safari hii tumeweka ukurasa mmoja zaidi: namba ya jumla, namba ya mazingira ya kuishi, ramani yenye barabara kuu katikati, na aya moja kuhusu visa. Afisa aliyetupigia simu alisema haikuwa imewahi kumpitikia kwamba anayekatazwa msaada hupotea kwenye hesabu. Akaomba nimtumie ile bahasha.

## Kwale nzima, au kata ndogo kwa kata ndogo

Mimi ni mtu wa Kwale, Pwani ya Kenya, na jambo hili lilikuwa lazima linirudishe nyumbani.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji: asilimia 0.5 ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, mpaka huduma zao zifikie zile ambazo nchi nzima inazifurahia. Kazi ya kuamua maeneo hayo ni yapi ilipewa Tume ya Ugavi wa Mapato, CRA. Sera ya kwanza ilichagua kaunti nzima nzima, 14 kwa jumla. Kwale ilikuwemo, pamoja na Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Katika kaunti sita za Pwani, ni Mombasa tu iliyobaki nje.

Kwale nzima! Anayeijua Kwale anajua maana yake. Diani, yenye hoteli zinazopokea wageni kutoka kila pembe ya dunia, na Kinango, ambako mvua zikikosekana mama huamka kabla ya alfajiri kwenda kutafuta maji, zote ziliingia kwa jina moja. Hata paa linadanganya. Dodoso la sensa huuliza nyumba imeezekwa kwa nini, na mara nyingi makuti yanamshusha mwenye nyumba. Nenda Diani ukatazame hoteli za bei ghali zilivyoezekwa.

Sera ya pili, ya 2018, iliachana na kaunti ikashuka mpaka kata ndogo. Yakapatikana maeneo 1,424, na yalikuwa katika kaunti 34. Tazama hiyo namba kwa makini. Kutoka kaunti 14 hadi 34 maana yake angalau kaunti 20 zilikuwa na watu wa shida waliofichwa na wastani wa kaunti yao, kama Jaywick ambavyo ingefichwa na Essex. Hilo ni jambo jema, nalisema bila kusita. Lakini sasa nimeshauona mstari wa kitalu chetu, na siwezi tena kufurahia orodha kabla sijauliza ndani yake kumehesabiwa nini.

Shangazi yangu yuko Kinango. Nilipompigia alinieleza kuhusu silanga lao, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua: lilichimbwa, likapigwa picha, mvua ya kwanza likajaa, sasa ni tope lililopasuka na mbuzi wanapita katikati. Kwenye rekodi ya mtu fulani, mahali fulani, silanga hilo lipo. Lina jina na lina ukubwa. Anayejaza jedwali akiwa Nairobi ataona kijiji chenye chanzo cha maji, sawasawa na anayejaza jedwali London anavyoona mtaa wenye watu wasioomba misaada.

Kifungu cha 204 kina mwisho wake. Kinakoma miaka ishirini baada ya Katiba kuanza kutumika, yaani Agosti 2030, isipokuwa zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa kaunti katika Seneti, kila kaunti ikiwa na kura moja, wapitishe sheria ya kukiongezea muda. Muda uliobaki ni mfupi kuliko tunavyodhani, na mjadala wa kuongeza au kutoongeza utahitaji watu wanaojua namba hizo zinavyopikwa.

Kwa hiyo nimemwomba binamu yangu, anayehudhuria baraza la chifu bila kukosa, asimame aulize jambo moja, na adai lijibiwe kwa maandishi. Katika kuamua kama kata yao ndogo imo kwenye orodha au haimo, lile silanga lilihesabiwa kuwa ni maji?